Mwongozo wa Kupiga Picha za Ndege Warukao Mbele ya Milima ya Usambara

Atakaye kumpiga picha ndege arukaye, na nyuma yake mlima uonekane kwa sura yake, hana budi kukubali tangu mwanzo kwamba anataka vitu viwili visivyo na tabia moja vikutane katika nukta moja ya wakati: kimoja hakikai, na kingine hakiondoki. Wengi hukikimbilia kile kisichokaa, wakakielekezea lenzi popote kiendapo, na mwisho wa asubuhi wakarejea na mamia ya picha za mbawa zilizokatika na mbingu tupu. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume. Teua mlima kwanza, simama mahali panapoustahili, ijue njia ya ndege na saa yake, kisha umngoje aingie mwenyewe katika picha uliyokwisha kuitengeneza.

Mkoa wa Tanga una neema ambayo si kila pwani imejaaliwa. Bahari iko mashariki na milima ya Usambara iko magharibi; kwa hiyo jua lichomozapo baharini humwangaza ndege na mlima kwa pamoja, ilhali mpiga picha amelipa kisogo. Usambara yenyewe ni safu mbili zilizotenganishwa na bonde la Lwengera: ya Mashariki, iliyo juu ya Muheza, yenye misitu ya Amani, na ya Magharibi, iliyo juu ya Mombo, yenye mji wa Lushoto na majabali yaangaliayo nyika. Kila upande una ndege wake, saa yake na taabu yake, na afadhali kuujua mmoja barabara kuliko kuzipita zote mbio mbio.

Mahali pa kusimama

Anayeanza na aanzie pwani, kwa sababu pwani haina gharama ya safari na ndege wake ni wengi. Kutoka Raskazone, au kutoka ufuko wa Tongoni penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, Usambara ya Mashariki huonekana asubuhi ya hewa safi ikiwa buluu juu ya mikoko na vichwa vya minazi. Hapo utawapata buabua wapigao mbizi, shakwe, yangeyange waendao malishoni kwa makundi, na mwewe azungukaye juu ya mashua za wavuvi. Katika matope ya mikoko na kwenye mashamba ya chumvi hupatikana pia ndege mmoja wa ufukoni, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, ambaye riziki yake kubwa ni kaa. Ndege huyu hutaga katika mashimo ayachimbayo mchangani, huko Ghuba, Oman na pwani ya Bahari ya Shamu, kisha huja kwetu kukaa sehemu kubwa ya mwaka. Huruka kwa safu, chini chini juu ya maji, na kwa kuwa weusi na weupe wake umeachana waziwazi, hapotei mbele ya mlima wa buluu hata akiwa mbali.

Mahali pa pili ni Amani, ambako Wajerumani walianzisha chuo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na ambako msitu umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997. Mfalme wa anga la huko ni hondohondo, ndege mkubwa mweusi mwenye mdomo mzito uliobebeshwa pembe, ambaye weupe wa kiunoni mwake hauonekani sawasawa mpaka aruke. Simama ukingoni mwa mashamba ya chai ya Kwamkoro au Bulwa, mahali ambapo chai iliyo chini yako inakupa uwazi na vilima vya msitu vinasimama ng'ambo ya bonde, wala usiingie msituni, kwa kuwa ndani ya msitu utamsikia tu na hutamwona. Mlio wa mbawa zake hukufikia kabla yeye mwenyewe hajatokea juu ya miti, na mlio huo ndio taarifa yako: inua kamera usikiapo, usingoje kuona.

Mahali pa tatu ni Irente, karibu na Lushoto, ambako mlima unakatika ghafla na nyika ya Mazinde inalala chini kwa kiasi cha mita 1,000. Penginepo ndege wote wako juu yako, na picha zako zote ni za matumbo. Irente utawaona wakipita sawa na macho yako, na mara nyingine chini ya miguu yako, migongo na mbawa zikiwa wazi na nchi nzima ikiwa nyuma yao. Hewa iliyopata moto nyikani hupanda kwa kuuambaa ukuta wa jabali, na juu ya hewa hiyo hupanda mwewe wa milimani wenye mikia myekundu, kunguru wakubwa wenye kisogo cheupe, na teleka waendao kwa kasi isiyopigika kwa urahisi.

Mwenye wasaa na gari aweza kuendelea mpaka Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008, iliyotandaa kaskazini mwa Upare na Usambara. Huko mlima uko kusini, ndege wa nyika ni wengi, na njia ni ndefu. Si mahali pa kujifunzia.

Maji, upepo na jua

Mvuvi wa Tanga hatoki bila ya kuyajua maji, na mpiga picha wa ndege wa pwani yu katika hali hiyo hiyo. Maji yakipwa, ndege wa matopeni hutawanyika mbali mahali ambapo lenzi haifiki. Yakijaa, husukumwa kidogo kidogo kuelekea ufukoni, na hatimaye huinuka kwa makundi kutafuta mahali pa kupumzika. Saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa kabisa ndizo saa za kazi. Katika pwani yetu, siku za bamvua, mwezi unapopevuka au unapoandama, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Na kila siku ipitayo huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Basi hesabu ni nyepesi: siku ya tatu au ya nne baada ya bamvua kuu, maji hujaa baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu asubuhi, wakati ambapo jua ni changa, mlima u safi, na ndege wanakujia wenyewe. Siku za maji mafu, maji hujaa kati ya saa tatu na saa tano, mwanga umekwisha kuwa mkali. Siku hizo zinafaa kwa mwewe na shakwe wa bandarini.

Upepo ndio uamuao ndege atakuonyesha uso au mkia. Ndege huinuka na kutua akiukabili upepo, na kila aukabilipo huenda polepole, jambo ambalo ni msaada kwa mkono wako. Alfajiri hapa pwani huvuma umande utokao bara, na kwa muda huo ndege waelekeao upepo huuelekea mlima, wakakupa migongo. Umande ukifa na upepo wa bahari ukaamka, mambo hugeuka: wakati wa kaskazi, nawe umekabili magharibi, upepo hukujia kutoka nyuma ya bega la kulia, na ndege wanaoukabili wanakujia wewe; wakati wa kusi, aghalabu hupita mbele yako kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, ubavu ukiwa wazi. Kabla ya kufungua mfuko wa kamera, tazama moshi wa jikoni au tanga la ngalawa, ndipo uchague pa kusimama.

Ama jua, pwani na Amani ni mali ya asubuhi, tangu kuchomoza mpaka saa tatu na nusu hivi. Baada ya hapo ardhi hupata moto, hewa ikaanza kucheza, na mazigazi yale yale yafanyayo barabara ionekane kuwa na maji huyeyusha mistari ya mlima ndani ya lenzi ndefu, wala hakuna kamera iwezayo kuirudisha. Irente ina kanuni yake. Asubuhi ukuta wa jabali umo kivulini, na ndege wachukuliwao na hewa hawajaamka, kwa sababu hewa yenyewe haijapanda. Wataanza saa tatu au saa nne. Alasiri mwanga huugeukia ukuta, lakini jua nalo linakuwa mbele yako. Kwa hiyo usitazame moja kwa moja nyikani, bali tazama kwa kuufuata ukingo wa mlima, upande wa kulia au wa kushoto, ili mwanga umpate ndege kwa ubavu na majabali yaonyeshe mikunjo yake.

Majira nayo yana hukumu. Mwisho wa kaskazi, wakati mashamba yanapochomwa moto kuingojea masika, milima huweza kutoweka kabisa nyuma ya moshi na vumbi. Asubuhi inayofuata mvua ya usiku ndiyo bora kuliko zote, iwe ni ya vuli au ya masika, kwa sababu mvua imeiosha hewa na mawingu mepesi yanakaa mabondeni. Mwezi Juni mpaka Agosti Lushoto ina baridi na ukungu wa asubuhi. Uvumilie, kwani ukungu unapopasuka hukupa mlima kwa dakika chache katika sura ambayo hutaipata tena siku hiyo.

Vyombo na vipimo

Wengi huamini kuwa lenzi ndefu kuliko zote ndiyo bora kuliko zote. Kwa picha ya ndege peke yake huenda ni kweli. Kwa picha ya ndege na mlima si kweli. Lenzi ya milimita 500 au 600 hukata kipande kidogo cha mlima na kukifanya rangi tupu, na mtazamaji hatajua kama ile buluu ni Usambara au ni shuka iliyoanikwa. Lenzi ya milimita 100 mpaka 300 inatosha: ndege atakuwa mdogo katika picha, lakini atakuwa mahali fulani, na kuwa mahali fulani ndiko kulikokutoa nyumbani.

Weka tundu la lenzi kwenye f/8, na mwanga ukiruhusu f/11, ili umbo la mlima lisiyeyuke. Kasi ya shata iwe 1/1000 kwa mwewe atandazaye mbawa bila ya kuzipiga, 1/1600 kwa hondohondo na yangeyange, 1/2500 kwa buabua, na 1/3200 kwa mbayuwayu na teleka. Kwa kuwa tundu ni dogo na kasi ni kubwa, kamera itahitaji ISO ya juu, 800 au 1600, na alfajiri hata 3200. Usiogope chengachenga zinazoletwa na ISO. Picha yenye chenga huweza kusafishwa, ila picha ya ndege aliyetikisika haina dawa.

Fokasi iwe ile iendeleayo kukifuata kitu kinachokwenda, nayo ikae katika kundi dogo la alama katikati ya kioo. Ukiiachia kamera kioo kizima, itaona mlima ni mkubwa na ndege ni mdogo, ikauchagua mlima. Kamera za siku hizi zinazolitambua jicho la ndege zimepunguza sana taabu hii, lakini hata hizo hudanganyika pale mlima unapokuwa na miti au mapango yenye mistari mikali. Mwenye simu peke yake naye asikate tamaa: aache ndege mmoja mmoja, atafute makundi ya yangeyange warejeao mikokoni jua litakapo kuzama nyuma ya milima, na apige mfululizo wakiwa vivuli vyeusi juu ya anga la rangi.

Ndege mweupe na ndege mweusi

Hapa ndipo picha nyingi huharibika. Kipimo cha mwanga cha kamera hutafuta wastani wa vyote kikionacho. Kikiona mlima wenye giza umejaa picha, huongeza mwanga, na yangeyange aliye mbele ya mlima huo akaungua weupe hata manyoya yake yasibainike. Kinyume chake, kikiona mbingu nyeupe nyuma ya hondohondo, hupunguza mwanga, naye akawa doa lisilo jicho wala sura.

Dawa yake ni kuacha kuitegemea hukumu ya kamera. Pima mwanga kwa mkono wako, mara moja, kwa kitu kilicho katika jua lile lile. Piga picha ya majaribio ya ndege mweupe wa kwanza apitaye, hata akiwa mbali, na utazame kama sehemu nyeupe zinameta kuonya kuwa zimeungua. Zikimeta, punguza theluthi moja ya hatua, kisha theluthi nyingine, mpaka zitulie. Baada ya hapo usiguse tena kipimo, awe ndege juu ya mlima au juu ya mbingu, maadamu jua halijafunikwa. Mwanga umwangukiao ndege haukubadilika, kilichobadilika ni kilicho nyuma yake. Kwa ndege mweusi ongeza hatua nzima, ukubali mbingu ipauke kidogo, kwani uzuri wa picha uko katika jicho lake na si katika mbingu.

Rangi ya mlima nayo ni sehemu ya hesabu. Hondohondo mweusi mbele ya msitu mweusi wa karibu hupotea. Umngoje avuke mbele ya kilima cha mbali kilichogeuka buluu kwa hewa, au mbele ya chai iliyopigwa na jua.

Kumngoja na kumfuata

Ukishasimama, tengeneza picha bila ya ndege. Amua kilele kitakaa wapi, mstari wa mlima utapita wapi, na pawepo uwazi wa kutosha mahali ambapo ndege ataingia. Kisha kumbuka sharti moja lisilo na msamaha: ndege ama awe wote juu ya mstari wa mlima, ama awe wote chini yake. Mstari ukipita shingoni au ukilikata bawa, jicho la mtazamaji litagombana na picha hata kama hajui sababu. Na mbele ya mdomo wa ndege pawe na nafasi kubwa kuliko ile iliyo nyuma ya mkia wake, ili aonekane anakwenda mahali.

Ndege hawaruki ovyo. Wana njia zao za kutoka malaloni kwenda malishoni, na wenye subira huzijua baada ya asubuhi chache. Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani tangu mwaka 1928 mpaka mwaka 1946, pamoja na mkewe Winifred, alichapisha mwaka 1941 uchunguzi wao juu ya uzazi wa hondohondo, ambaye jike lake hujifungia katika tundu la mti kwa kuziba mlango na kubakiza ufa mwembamba, naye dume humletea matunda kutwa kwa muda wa miezi. Jambo hili lina faida kwa mpiga picha: msimu wa kutaga, dume mmoja atapita katika njia moja, akienda na kurudi, mara kwa mara kila siku. Ukiiona njia hiyo, ijongelee upande wa malishoni na si upande wa tundu, nawe utampata angani bila ya kuwabughudhi walio nyumbani.

Anapotokea, usibonyeze papo hapo. Mshike kwa macho, umlete katikati ya kioo akiwa bado mbali, umfuate kwa kugeuza kiuno wala si mikono, viwiko vikiwa vimebana mbavu na miguu imeelekea mahali utakapobonyeza na si mahali alipotokea. Mwendo wako uwe sawa na wake. Hondohondo hupiga mbawa mara kadhaa kisha huteleza hewani akiwa amezitandaza. Katika kule kuteleza ndimo mlimo na picha. Buabua husita kidogo juu ya maji kabla ya kujitupa. Bonyeza katika kule kusita. Piga kwa mafungu mafupi, matatu au manne, uendelee kumfuata hata baada ya kuacha kubonyeza, kwani anayeusimamisha mkono pamoja na kidole huitikisa picha ya mwisho, ambayo mara nyingi ndiyo iliyokuwa njema.

Adabu na usalama

Usimrushie ndege jiwe ili aruke, wala usimpigie sauti ya ndege wenzake kwa simu, wala usikaribie kiota. Ndege wa safari za mbali wanaopumzika wakati maji yamejaa wanatunza nguvu zao. Mtu awainuaye kila dakika kwa ajili ya picha huwanyang'anya riziki.

Amani iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na Mkomazi iko chini ya Hifadhi za Taifa. Lipa kiingilio, na uchukue mwongozaji mwenyeji, maana mtoto wa Amani anazijua njia za hondohondo kuliko kitabu. Kamera zirushwazo kwa mitambo zahitaji kibali, nazo huwatisha ndege, ziache nyumbani. Bandarini na mahali pa ulinzi usipige picha bila ya ruhusa. Ukiwakuta wavuvi, au akina mama wakichokoa pweza mwambani, tanguliza shikamoo kwa waliokuzidi umri, ueleze unachokitafuta, na uombe radhi kabla ya kuelekeza lenzi upande wao. Mara nyingi mzee wa pwani atakuonyesha kwa kidole mahali ambapo ungepatafuta wiki nzima.

Irente keti chini. Mtu atazamaye ndani ya kamera hasahau ndege bali husahau miguu yake, na ukingo wa jabali hauna subira. Pwani futa chumvi kwenye lenzi kila jioni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kwa kikavu. Na ushukapo kutoka baridi ya Lushoto kuja joto la Tanga, acha kamera ndani ya mfuko uliofungwa kwa muda wa saa moja, isije ikafanya jasho ndani, kwani unyevu uliokaa ndani ya lenzi huzaa kuvu, na kuvu huila lenzi kidogo kidogo.

Kuchagua

Ukirudi, usihukumu picha siku ile ile, kwa kuwa uchovu na furaha ni mahakimu wabaya. Kesho yake zitazame kwa maswali matatu: jicho la ndege li wazi? Mstari wa mlima haukumkata? Mtu wa Tanga akiiona picha hii ataujua mlima huo kwa jina? Picha ikishindwa maswali mawili, ifute bila ya huruma. Zilizobaki ziandikie tarehe, mahali, saa, hali ya maji na upepo, kwa maana baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuambia ni asubuhi gani za kuamka na ni zipi za kulala. Na kabla ya kugharamia safari ya Amani au Irente, ufanye mwezi mzima wa mazoezi Raskazone kwa mwewe na kunguru, ambao hawana msimu, hawadai kiingilio, na wepesi wao wa kugeuka utaufundisha mkono wako yote ambayo hondohondo atakuja kuyadai.